Jinsi Njia ya Reli Ilivyofika Tabora

Mtu akisimama katika stesheni ya Tabora huona njia za reli zikigawanyika: moja yaenda Kigoma, nyingine yaenda Mwanza, na huko mbele Kaliua hutoka tawi la kwenda Mpanda. Kijana aliyezaliwa hapa aweza kudhani kwamba njia hizi zimekuwako sikuzote, kama mito na vilima. Sivyo. Zilipangwa na watu, zikabishaniwa, zikapimwa, zikalipiwa fedha nyingi, na mwisho zikajengwa kwa mikono ya watu weusi walio babu zetu na babu wa jirani zetu.

Habari za vita na za watawala wa siku zile zimeandikwa sana. Sisi twapenda kueleza jambo ambalo halikuandikwa sana katika lugha yetu, yaani namna kazi ile ilivyoendeshwa: nani alitoa fedha, nini kilitangulia na nini kilifuata, watu walipatikana wapi, na ni wapi mpango uliwashinda wenye kupanga.

Kwanza tuikumbuke njia ya zamani. Mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe alipita Usagara, akafika Mpwapwa, akaingia Ugogo ambako kila mtemi alitaka hongo yake, kisha akavuka pori liitwalo Mgunda Mkali, lisilo na maji wala watu, ndipo akafika Tabora. Safari hiyo ilichukua kama miezi mitatu, pengine zaidi ikiwa kuna vita au njaa njiani. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, pamoja na chungu chake na mkeka wake. Basi tufanye hesabu kidogo. Tani moja ya mizigo yahitaji wapagazi thelathini na zaidi. Tani mia zahitaji watu elfu tatu na zaidi, na wote hao wale kila siku kwa miezi mitatu. Ndiyo sababu kilichokuwa na faida kuchukuliwa kutoka bara mpaka pwani kilikuwa pembe za ndovu tu, na vitu vingine vichache vyenye thamani kubwa na uzito mdogo. Mtama na karanga za Unyamwezi hazikuweza kwenda Ulaya kwa vichwa vya watu.

Lakini wasomaji wasidhani kwamba msafara ulikuwa fujo. Kulikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, kulikuwa na wanyampara waliosimamia kila kikosi, kulikuwa na kambi zilizojulikana, na desturi za kugawa posho na za kupumzika. Vijana wa Kinyamwezi waliona haya kukaa nyumbani bila kuiona pwani hata mara moja. Watu hawa walikuwa wamekwisha jifunza, vizazi viwili au vitatu kabla ya reli, kufanya kazi mbali na kwao kwa mapatano ya ujira, katika makundi yenye wakubwa wao. Tutaona baadaye kwamba bila elimu hiyo ya njiani reli isingalijengwa upesi vile.

Wadachi walipoitwaa nchi hii walianza kujenga reli Tanga, mwaka wa 1893. Kazi ile ni mfano mzuri wa mpango mbaya. Kampuni iliyoianza haikuwa na fedha za kutosha. Reli ilikwenda kidogo, ikasimama, ikaendelea, ikasimama tena. Mwaka wa 1899 serikali ilibidi kuinunua. Hata mwaka wa 1905 ilikuwa imefika Mombo tu, kilomita 129 kutoka pwani, na miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Kwa wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha maliza reli yao kutoka Mombasa mpaka Kisumu, kazi iliyoanza mwaka wa 1896 na kufika ziwani mwaka wa 1901. Wao walileta wafanyaji kazi wapata 32,000 kutoka Uhindi, na gharama yake iliwatia watu wa London hasira kubwa. Lakini reli ilikuwapo. Mara ile ile bidhaa za Mwanza zikaanza kuvuka ziwa na kwenda Mombasa, na biashara ya Unyamwezi nayo ikaanza kugeuka kuelekea kaskazini. Wafanya biashara wa Dar es Salaam walipoona hayo waliogopa.

Watu walikuwa wamezungumza habari za reli ya kati tangu miaka ya 1890, na mara kwa mara baraza kuu la Wadachi, yaani Reichstag, lilikataa kutoa fedha. Wajumbe waliuliza: Mtachukua nini katika reli hiyo? Swali hilo halikuwa la kijinga. Mwisho, mwaka wa 1904, walikubali kwa njia ya hadhari: kampuni ingetoa fedha, ikisaidiwa na benki kubwa ya Berlin iitwayo Deutsche Bank, na serikali ingeweka dhamana kwamba wenye hisa watapata faida yao hata kama reli haina faida. Tena hawakukubali reli ya kufika Tabora, sembuse Tanganyika. Walikubali kipande cha kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro tu, wapata kilomita 200. Twaona kwamba huu ulikuwa ukata wa mawazo na busara kwa pamoja: ukata, kwa sababu reli ya Morogoro peke yake haiwezi kujilipa; busara, kwa sababu kipande kifupi kiliwafundisha bei ya kweli ya kilomita moja katika nchi hii kabla hawajajifunga kwa kilomita elfu.

Kampuni ya reli haikujenga yenyewe. Ilimpa kazi mjenzi mkubwa, Philipp Holzmann wa Frankfurt, ambaye alikuwa amekwisha jenga reli katika nchi ya Waturuki. Holzmann naye aligawa njia katika sehemu, akawapa makontrakta wadogo, wengi wao Wayunani na Waitalia, kila mmoja sehemu yake ya tuta au ya mitaro. Chini ya hao walikuwako wanyapara, na chini ya wanyapara vikosi vya watu wa jembe, sururu na karai. Hivyo mtu aliyekaa Frankfurt hakuwa na haja ya kumjua mchimbaji wa Kidete. Alihitaji kujua tu kama sehemu ya kumi imekwisha kabla ya sehemu ya kumi na moja. Utaratibu huu una nguvu na una ubaya wake, na ubaya wake uliwaangukia watu wa chini, kama tutakavyosema.

Siku ya 9 Februari 1905 mwana wa mfalme wa Wadachi, Prince Adalbert, alifanya sherehe ya kuanza kazi Dar es Salaam. Miezi mitano baadaye, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vilitokea kusini, na nchi nyingi zikaharibika kwa moto na njaa. Kazi ya reli hata hivyo haikusimama. Desemba 1907 gari la moshi lilifika Morogoro.

Sasa tueleze namna reli ijengwavyo, maana wengi wetu tumeipanda bila kujua. Kwanza huja wapimaji. Hao hupita porini na vyombo vyao, wakitafuta mahali ambapo njia yaweza kupanda bila mwinuko mkali, kwa kuwa gari la moshi haliwezi kupanda kilima kama mbuzi. Hupiga vigingi. Baada yao huja wenye kufyeka msitu, kisha wenye kuchimba pale palipo juu na kujaza pale palipo chini, hata tuta likanyoka. Pamoja nao huja waashi wa madaraja. Ndipo huja reli zenyewe. Hapa ndipo palipo siri ya kazi yote: kila reli, kila taruma, kila chuma cha daraja, kilitoka Ulaya kwa meli mpaka bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo kilichukuliwa na gari la moshi juu ya reli ile ile iliyokwisha lazwa jana. Reli ilijibeba yenyewe kwenda mbele. Lakini maana yake ni kwamba daraja moja likichelewa, kila kitu nyuma yake husimama: treni ya vyuma yangoja, watu elfu wakaa bure na posho yao yaliwa. Kwa hiyo wenye kupanga walipeleka watu wa tuta na madaraja mbali mbele, pengine safari ya siku nyingi mbele ya reli, ili walazaji wakifika wakute njia iko tayari. Mahali ambapo daraja halijaisha, kwa kawaida hujengwa njia ya kando ya kupitia kwa muda.

Sisi walimu tuliojenga madarasa kwa nguvu za wazazi twaelewa jambo hili kwa kiasi chetu. Matofali hufyatuliwa wakati wa kiangazi, kwani yakinyeshewa kabla hayajachomwa hurudi kuwa matope. Mbao hununuliwa mapema zipate kukauka. Fundi wa paa akiitwa kabla kuta hazijafika juu, atakula chakula cha wiki mbili akiota jua. Mwenye kujenga reli hujenga hivyo hivyo, ila tofali lake hukaa baharini majuma kadhaa, na masika yake hushuka milimani na kuchukua daraja zima.

Mwaka wa 1907 waziri wa makoloni, Dernburg, alikuja mwenyewe kuitazama nchi. Aliporudi alisema kwamba reli ndiyo itakayoiletea nchi hii faida, na mwaka wa 1908 baraza likakubali reli iende mpaka Tabora. Kutoka Morogoro njia ilielekea Kilosa, na huko wapimaji walikutana na milima ya Usagara. Kulikuwa na mlango mmoja wa asili: bonde la mto Mkondoa, ambalo misafara pia ililijua. Walilifuata bonde hilo, wakipanda pamoja na mto kupita Kidete mpaka Gulwe. Kwa kalamu na karatasi ilikuwa njia rahisi na ya gharama ndogo. Lakini mto ule huonekana mpole miezi mingi, kisha masika ikija hujaa ghafula, huhama mkondo wake, na kuzoa udongo, mawe na tuta la reli pia. Wapimaji walioona bonde lile misimu michache tu hawakuweza kuujua mwenendo wa mto. Tangu siku zile hata zetu, sehemu ile ya Kilosa na Gulwe imekatika mara nyingi kupita sehemu nyingine yoyote. Tungetaja miaka mingi ya mafuriko, ila itoshe mafuriko makubwa ya Kilosa ya mwisho wa mwaka wa 2009 na mwanzo wa 2010: reli iliharibika vibaya sana hata safari za kwenda bara zikasimama kwa miezi. Bei iliyookolewa mwaka wa 1909 ililipwa na wajukuu, tena mara nyingi.

Reli ilifika Kilosa mwaka wa 1909 na Dodoma mwaka wa 1910. Huko Ugogo shida iligeuka: si maji mengi bali kukosa maji. Gari la moshi la siku zile lilikunywa maji kama kundi la ng'ombe, na maelfu ya watu walihitaji kunywa na kupika. Mahali pasipo visima maji yalilazimika kuletwa kwa reli yenyewe kutoka nyuma. Mbele ya Ugogo ilisimama kingo ya Bonde la Ufa huko Saranda, ambayo njia ilipaswa kuipanda kwa kuzunguka. Na juu yake kulikuwa na ule Mgunda Mkali wa misafara, na vichaka vya Itigi, vilivyoshonana hata mtu aliye hatua kumi haonekani. Kufyeka njia pale kwa panga na shoka, juani, bila kijito karibu, ni kazi ambayo hatuhitaji kuisifu kwa maneno mengi.

Jambo moja la akili tulitaje. Katika nchi nyingi mataruma, yaani vile vilala vinavyoshika reli, hufanywa kwa miti. Hapa walitumia mataruma ya chuma, kwa sababu ya mchwa. Yalikuwa ghali na mazito, lakini yalidumu. Aliyeamua hivyo aliwasikiliza watu waijuao nchi. Laiti aliyelichagua bonde la Mkondoa angaliwauliza wazee wa pale kama mto wao huwa na hasira.

Watu wa kufanya kazi walitoka wapi? Waingereza walileta Wahindi. Wadachi katika reli hii walitegemea watu wa nchi. Wengi sana walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, wale wale waliozoea safari za pwani. Walifanya kazi kwa kipande, yaani karatasi ya siku thelathini za kazi, kila siku iliyofanywa ikatiwa alama. Siku ya kuumwa au ya mvua haikuhesabiwa, na hivyo mwezi wa kipande mara nyingi ulizidi mwezi wa mbinguni. Walilipwa rupia na hela, na neno hela tulitumialo sote hata leo kwa kusema fedha ni neno la Kidachi, Heller, sarafu ndogo ya siku zile. Neno mnyapara nalo lilihama kutoka msafarani likaingia katika kambi ya reli, lakini lilibadilika tabia: mnyampara wa msafara alikuwa mzee wa watu wake, akiwasemea kwa mwenye mali, mnyapara wa reli alikuwa mtu wa kontrakta, akimsemea mwenye mali kwa watu.

Je, walikuja kwa hiari? Wengine ndiyo. Kijana aliyetaka fedha ya mahari au ya nguo aliona heri kwenda reli kuliko kubeba frasila mbili mpaka baharini. Lakini tangu mwaka wa 1898 kulikuwa na kodi ya nyumba, nayo ilitakiwa kulipwa. Asiye na fedha alilazimika kuzitafuta, na fedha zilikuwa kwa Mzungu. Hiari ya namna hiyo ina kamba shingoni. Na kosa dogo lilileta kiboko, ile ishirini na tano iliyojulikana nchi nzima. Hapo ndipo ubaya wa kugawa kazi kwa makontrakta ulipoonekana: kontrakta alilipwa kwa kipimo cha udongo uliochimbwa, basi kila pishi ya posho aliyopunguza na kila saa aliyoongeza ilikuwa faida yake mwenyewe. Kambi zilijaa watu wengi mahali pamoja, bila maji safi. Kuhara, homa ya malaria na homa ya papasi viliua watu wengi. Majina ya mabwana wa kampuni yameandikwa katika vitabu. Majina ya waliozikwa kando ya tuta kati ya Dodoma na Tabora hayakuandikwa.

Mwaka wa 1912 reli ilifika Tabora, kilomita 840 hivi kutoka pwani, nayo ilifika kabla ya wakati uliowekwa katika mapatano. Watu husema haraka haraka haina baraka. Lakini haraka hii ilitokana na kutengeneza mambo kwa utaratibu kabla ya kuanza. Kipande cha kwanza, kilomita 200, kilichukua karibu miaka mitatu. Kilomita 640 kutoka Morogoro zilichukua kama miaka minne. Watu walikuwa wamekwisha jifunza, kuanzia bwana mpimaji hata mbeba karai, na vikosi vile vile viliendelea kutoka sehemu hata sehemu.

Safari ya miezi mitatu ikawa safari ya siku chache. Wapagazi wa njia ile kuu wakakosa kazi, na pamoja nao wauza chakula wa kambi zote za njiani. Hapa twaona nguvu ya kigingi cha mpimaji. Bagamoyo, mji wa misafara yote, uliachwa pembeni, ukafifia. Mpwapwa, iliyokuwa kituo cha kila msafiri, ilikosa reli. Stesheni ikawekwa Gulwe, na Mpwapwa ikabaki mbali kidogo na njia. Dodoma, iliyokuwa mahali padogo, ikakua. Ujiji mkongwe nao uliachwa baadaye, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo kuliko pwani ya Ujiji. Hakuna mtemi wala liwali aliyeulizwa katika mambo haya. Tabora ilipona kwa kuwa ilikuwa kubwa mno na iko katikati mno hata isiweze kurukwa.

Kutoka Tabora kwenda ziwani baraza lilikubali mwishoni mwa mwaka wa 1911. Kilomita 400 na zaidi, pamoja na matope ya Malagarasi na daraja lake, zilimalizika kwa upesi wa ajabu: reli ziligusa Kigoma tarehe 1 Februari 1914. Njia nzima kutoka baharini ni kilomita 1,250 hivi. Wadachi walitengeneza maonyesho makubwa Dar es Salaam ya mwezi wa Agosti 1914 ili kuifurahia kazi hiyo. Walikuwa pia wameanza njia nyingine kutoka Tabora kuelekea Ruanda. Agosti ilipofika, vita vya dunia vikaanza, na maonyesho hayakufanyika.

Mzigo mmoja uliopita Tabora siku zile wastahili kutajwa. Ilikuwa meli nzima, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka wa 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku wapata 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Huko iliunganishwa tena, ikashushwa majini Februari 1915. Wadachi wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916 wasije wakanyang'anywa. Waingereza wakaitoa majini mwaka wa 1924, na tangu mwaka wa 1927 jina lake ni Liemba. Masanduku elfu tano hayakupotea njiani kwa sababu kila moja lilikuwa na alama yake. Twawaomba wenzetu walimu wanaohesabu vitabu vya shule kila mwaka waufikiri mfano huo.

Vita viligeuza reli kuwa kitu cha askari. Karibu na Tabora, katika karakana ya reli huko Lulanguru, mwaka wa 1916 zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia kumi na tano, zenye picha ya ndovu, kwa dhahabu ya Sekenke, kwa sababu nchi ilikuwa imezungukwa na fedha haziingii tena. Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja waliyoyajenga. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Na jambo la uchungu kuliko yote ni hili: reli iliyokomesha upagazi ilikuwa haijapata miaka mitatu tangu imalizike, na watu wakashikwa kwa malaki kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote, mbali na reli, katika mabonde ya kusini. Makumi ya maelfu hawakurudi. Kati yao walikuwako wale waliokuwa wamejenga tuta.

Baada ya vita Waingereza walitengeneza madaraja, na mwaka wa 1928 tawi la Mwanza lilifika ziwani, kama kilomita 380 kutoka hapa. Hapo ndipo bidhaa za ziwa, pamba hasa, zilipopata njia ya kuja Tabora badala ya kuvuka ziwa kwenda Kisumu. Yale ambayo Wadachi waliyaogopa mwaka wa 1901 yalipata jibu baada ya miaka ishirini na saba, na wenyewe hawakuwapo kuliona. Tawi la Mpanda lilifuata mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya risasi.

Reli ile ya Wadachi ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Mwaka wa 2017 serikali ya Tanzania ilianza kujenga reli nyingine kutoka Dar es Salaam, yenye upana wa milimita 1,435, ikiendeshwa kwa umeme. Watu walianza kusafiri nayo mpaka Morogoro Juni 2024, na mpaka Dodoma mwezi uliofuata. Mapatano ya kipande cha kutoka Makutupora mpaka Tabora, kilomita 368 pamoja na njia za kupishania, yalitiwa sahihi Desemba 2021 na wajenzi wa Kituruki, Yapi Merkezi. Ni jambo la kuchekesha kidogo, kwamba Holzmann alijifunza kazi katika nchi ya Waturuki kabla ya kuja kwetu, na sasa Waturuki wenyewe wamekuja.

Wapimaji wa reli mpya nao walifika Kilosa wakaukuta Mkondoa uko pale pale. Safari hii hawakuuamini mto. Waliinua njia juu ya madaraja marefu, na mahali pa milima wakatoboa mahandaki manne. Gharama yake ni kubwa, lakini walikuwa na kitu ambacho wapimaji wa mwaka wa 1908 hawakuwa nacho: kumbukumbu za miaka mia za tuta lililozolewa na maji, zenye tarehe, zilizoandikwa na mafundi wa reli wa zamu kwa zamu, kila masika.